Chupa tisa bila jina: safari yangu ya Lwiro

Tulitoka Bukavu saa kumi na mbili asubuhi, ilikuwa kiangazi, vumbi la barabara ya Kavumu tayari limejaa mdomoni, mimi nyuma ya moto (pikipiki) na beseni jeupe mgongoni kama kobe, yaya wa labo, dada mkubwa wangu wa kazi, kwa moto ingine na bidoni ya alikoli katikati ya magoti. Mpaka Lwiro ni kilomita 40 na kitu, lakini usihesabu kilomita, hesabu mashimo.

Kazi yenyewe, kutafuta wadudu wadogo wa mtoni, inachekesha watu. Unaingia mtoni, maji yanatoka kwa milima ya Kahuzi, baridi mpaka mifupa inauma, unageuza mawe na mguu na maji yanasukuma kila kitu ndani ya wavu. Unamwaga kwa beseni, unangoja. Kwanza ni majani na mchanga tu, halafu mchanga unaanza kutembea! Kale kenye mikia mitatu kanapepea matamvua pembeni ya tumbo bila kupumzika. Yule mnene wa mikia miwili ni Neoperla, anakimbilia kivuli. Na kuna fundi wangu, anajijengea nyumba ya punje za mchanga na anatembea nayo.

Sasa hapo macho yanaishia. Unafika kwa familia, ukibahatika jenasi (kundi la spishi za karibu), kwa sababu spishi nyingi zimeelezewa kwa dume aliyekomaa mwenye mabawa, na huyu ni mtoto wa majini, hafanani na babake hata kidogo. Ndiyo maana tunakata mguu mmoja tu, tunatoa DNA, tunasoma kipande cha jeni ya COI, herufi 658 za DNA, ile njia Paul Hebert na wenzake wa chuo kikuu cha Guelph, Kanada, waliileta 2003, halafu tunalinganisha na BOLD, hazina ya herufi za viumbe ambao jina lao linajulikana. Mtoto na mzazi herufi zao zinakutana. Ila kama ndugu yake hayumo kwenye hazina unabaki na herufi bila jina, na wa mito yetu wengi bado hawamo.

Alikoli ya kuhifadhi mdudu iwe ya asilimia 95, formoli hapana, inaharibu DNA. Hiyo nilijua. Kitu sikujua ni markeri.

Niliandika chupa zote tisa kwa markeri, vizuri kabisa, tukarudi jioni, moto ikaruka shimo moja karibu na Miti, chupa moja ikavuja ndani ya mfuko. Kufika nyumbani Kadutu nafungua: wino wote umeyeyuka, vidole vyangu bluu, chupa tisa zote sura moja. Yaya hakunigombeza, na hiyo ndiyo ilinichoma zaidi. Akasema tu, mashine itakuambia huyu ni nani, haitakuambia alitoka juu msituni ao chini kwenye wamama wanafulia nguo. Na sisi tulikuwa tunatafuta hiyo tofauti tu, maana huku mjini kwenye mto Kawa mchafu tulikuwa tunapata karibu vifunza vyekundu peke yake.

Basi Jumamosi ingine tukarudi. Safari hii kreyo (penseli), karatasi ndogo, unaitumbukiza ndani ya chupa pamoja na mdudu. Papa wa moto, dereva yule yule, akachukua moja akaielekeza kwa jua akasoma kwa sauti, "Lwiro, juu, tatu", akaniuliza kama huyo wa tatu ndiye amenilipisha moto mara mbili.