Hata Liyongo alikuwa na kitovu

Harusi ya Zuhura imepita salama, Ami ametoka hospitali, na karatasi za Kidato cha Tatu nimemaliza kuzisahihisha. Hayo ndiyo niliyodhani ningeyaandika leo. Lakini tangu Jumapili kuna neno la Bibi limenikaa kifuani, halipandi wala halishuki.

Mnajua macho ya Bibi yameshachoka, kwa hiyo kila nikimaliza kuandika sura ya riwaya yangu humsomea barazani baada ya swala ya alasiri. Jumapili ilikuwa ile sura niliyokuwa nikiwaahidi: Mwanaidi anasimama mbele ya afisa wa ardhi, na tajiri aliyelipata shamba la babu yake kwa hati ya kughushi amekaa palepale. Mwanaidi anavitaja vifungu vya sheria kimoja baada ya kimoja, sauti haitetemeki, mpaka chumba kizima kinanyamaza. Niliisoma kwa moyo wangu wote. Bibi alikuwa akichagua mchele katika uteo na hakunikatiza hata mara moja.

Nilipomaliza akatoa chuya mbili tatu, akazitupia kuku.

"Msichana mzuri. Mola amhifadhi."

"Umempenda, Bibi?"

"Nimempenda. Lakini simwonei huruma."

"Kwa nini?"

"Nimwonee huruma ya nini? Hakosi, hachoki, haogopi. Na hao ndugu zake, wao wafanya nini?"

Nikafikiri kidogo. "Wanamtazama."

"Basi. Hata Liyongo alikuwa na kitovu, mwanangu."

Kisha akaniagiza maji ya kuoshea mchele, yakaishia hapo.

Hayajaisha kwangu. Nimeyasikia kwenye matatu, nimeyasikia katika chumba cha walimu. Usiku wa vugo la Zuhura wenzangu wanapiga pembe na kuimba, mimi nasikia tu lile jibu langu: wanamtazama. Maana hilo sikulisikia kwa Bibi, nililitamka mwenyewe. Na kila nikilirudia najiuliza kama Bibi alikuwa ameliona kabla hajauliza. Hakuinua uso. Mkono wake haukusimama juu ya uteo.

Mwanzo niliona uchungu, na uchungu huo ulikuwa na haki yake. Nilimuumba Mwanaidi nikiwa nimechoka na wasichana wanaoangamizwa vitabuni. Nilimsoma Rosa katika Rosa Mistika ya Kezilahabi, riwaya ya 1971, nikiwa na umri wa wanafunzi wangu wa sasa: baba mlevi anampiga bintiye kwa barua ya mvulana, na kutoka hapo njia inateremka hadi kifo. Nililia, kisha nikaapa kwamba siku nikiandika, wangu atasimama. Tena si shamba la kubuni tu ninalolisimulia. Tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908 kuna watu wa pwani hii wanaoitwa maskwota kwenye ardhi walikozikwa mababu zao. Nilitaka angalau katika karatasi mmoja wao ashinde, na ashinde vizuri. Bado nataka.

Juzi usiku, umeme uliporudi, niliufungua utenzi wa Liyongo, yule shujaa wa kale wa pwani yetu, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Hadithi yenyewe ninaijua tangu utotoni, na Bibi ni mzaliwa wa Kipini, ambako watu huonyesha kaburi la Liyongo. Lakini safari hii nilisoma nikitafuta kitovu.

Furaha niliyoipata sikuitarajia. Liyongo hakupunguzwa hata kidogo ili tumpende! Nguvu zake ni za kutisha, mashairi yake yanawashinda wote, gerezani anatoka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate. Hakuna aliyemtia kasoro ya pambo, kama hawa mashujaa wa siku hizi wanaopewa hasira kidogo au ujinga wa kupika, na kasoro hiyo isimgharimu mtu yeyote chochote. Udhaifu wa Liyongo ni mmoja, na ni siri yake. Anayemwambia siri hiyo ni mwanawe wa kumzaa, aliyetumwa na sultani wa Pate. Kinachoweza kumuua ni kimoja tu: sindano ya shaba, kitovuni. Anaitoa siri kwa kinywa chake kwa sababu aliyeuliza ni mtoto wake. Mlango wa kifo chake ni uleule wa mapenzi yake. Na hapo waliomzunguka hawabaki watazamaji tena: mwana analo la kufanya, na kosa lake litamfuata. Mama analo la kufanya, kwa kuwa shujaa amekufa akiwa amepiga goti kisimani na upinde mkononi, watu wanadhani yu hai na hawathubutu kuteka maji, na ni yeye anayeletwa kumbembeleza kwa mashairi.

Nikasoma mpaka karibu na alfajiri. Sasa najua Mwanaidi atafanya nini. Barua ya kuitwa kwa afisa wa ardhi itafika mikononi mwake, naye atamficha kaka yake mkubwa habari hiyo, kwa sababu anataka shamba liokolewe na yeye peke yake. Kaka ana kile kikaratasi cha zamani cha babu, na hajui kwamba kinahitajika. Siku itapita. Ushujaa wake uleule ndio utakaowaumiza wenziwe, na kuanzia hapo ndugu zake wana kazi: kumkasirikia, kumfichia siri mama, kutafuta njia nyingine. Huenda shamba likapatikana, huenda wakapata nusu. Ile hotuba nzuri naihifadhi, lakini ataitoa amechelewa, mbele ya karani anayefunga ofisi.

Bibi bado sijamwambia. Nataka asikie sura nzima kwanza, nimwangalie mikono.

Ningelala nimeridhika leo lau si habari ya Athmani. Mkataba wake Doha unaisha mwisho wa mwezi, kampuni haijasema kama wataurefusha, na tangu Jumanne simu yake inaita bila kupokewa. Mama ananiuliza kila jioni, nami namjibu kwamba huenda yuko zamu ya usiku. Kama mna jamaa anayekaa karibu na Industrial Area kule, niandikieni.