Nilivyowaingiza kuku watatu wapya bandani bila tone la damu (mara ya pili)

Naandika hii kwa sababu ule ushauri wa "watie usiku, asubuhi wataamka ndugu" ulikaribia kuniulia kuku, na mpaka leo watu wanaambiana hivo hivo kama dawa ya kila kitu. Mimi nina kuku watano wa mayai nyuma ya nyumba, jogoo sina, banda dogo na kiwanja kidogo nimezungushia wavu. Watano hao wamekaa pamoja zaidi ya miaka miwili, wanajuana mpaka nani anaanza kunywa maji na nani anasubiri. Mkubwa wao namwita Malkia, mweusi mwenye shingo ya rangi ya shaba, upanga wake wa kichwani umelalia jicho moja, akipita wengine wanampisha.

Mara ya kwanza nilileta kuku mmoja. Hilo peke yake lilikuwa kosa ila hakuna aliyeniambia, mgeni mmoja anabeba kipigo cha kundi zima, bora wawili au watatu wanaojuana wakigawana. Basi nikamweka kwenye boksi nasubiri giza, saa mbili usiku nikaenda na tochi nimeiziba kwa vidole ili mwanga usiwashtue, nikampandisha kwenye fito katikati ya wenzake, wakanung'unika kidogo, mmoja akasogea, kimya. Nikaenda kulala nimefurahi kweli. Na kweli usiku kuku haoni vizuri na hana ugomvi, hapo sibishi. Lakini kunakucha! Na kuku anawajua wenzake kwa sura, huwezi kumchomekea mgeni asimwone.

Asubuhi ile nilichelewa kuamka. Nikasikia kelele nikatoka mbio, nikamkuta kajichomeka kichwa kati ya ukuta na boksi la kutagia, mgongo wote uko nje, Malkia kampanda juu anamdonoa kisogo na wengine wawili wamesimama pembeni wanangoja nafasi. Manyoya sakafu nzima. Ngozi ya kisogo imefunguka kama ukubwa wa kidole gumba na damu inatoka. Damu ndio mbaya kuliko vyote jamani, kuku akiona wekundu anadonoa tu haachi, hata yule mpole ambaye hajawahi kumgusa mwenzake naye anakuja. Nilimbeba nikamfunika na kanga, alikuwa anatetemeka mwili mzima, nikamsafisha kidonda kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu mara mbili kwa siku, akakaa ndani kwenye boksi siku kumi na kitu. Alipona, namshukuru Mungu, manyoya yakaota tena, ila kumrudisha pale sikuweza, roho ilikataa. Alienda kwa mtu mwenye kuku wa umri wake.

Baada ya hapo nikaanza kusoma na kukaa kuwaangalia kuku wangu kwa makini. Kuna Mnorwe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, yeye mwaka 1921 ndio alieleza hii kitu ya kuku kupangana nani anamdonoa nani. Ukishalielewa hilo unaacha kuwaita kuku wako wakatili. Kila mmoja ana nafasi yake, ukileta mgeni ngazi yote inayumba, kila mtu anapigania upya pa kukaa. Kwa hiyo ugomvi kidogo lazima uwepo, kazi yako ni kuhakikisha hauishii kwenye damu.

Mara ya pili nikachukua tembe watatu, yaani majike wachanga ambao hawajaanza kutaga, wa miezi minne na nusu hivi, waliokua pamoja, maumbo yao yanakaribia ya wangu. Vifaranga au wale wembamba wa miezi miwili usithubutu kuwachanganya na wakubwa.

Mwezi mzima walikaa upande wa pili wa nyumba, mbali na banda. Mtu ananiambia "mbona wazima hao, macho yanang'aa, unawatesa bure". Siku ya nne nikamshika mmoja nikampuliza manyoya karibu na mkia, nikaona vimafungu vyeupe vimegandia kwenye mashina ya manyoya, mayai ya chawa hayo, na chawa wenyewe wanakimbia kukimbilia giza. Nikawapaka unga wa dawa wote watatu, nikarudia baada ya siku kumi kwa sababu dawa inaua chawa lakini mayai inayaacha. Ningewaingiza siku ya kwanza ningekuwa na kuku nane wenye chawa badala ya watatu. Na chawa ni afadhali, mafua au mdondo ukiingia bandani utalia. Nilikuwa nahudumia wangu kwanza ndio naenda kwa wageni, viatu tofauti, mikono naosha. Usiku wakishatulia nilikuwa nasimama pale gizani dakika tano nasikiliza pumzi zao tu, kuku mwenye mafua utamsikia anakoroma au anapiga chafya hata kama mchana anajikaza.

Mwezi ulipoisha nikagawanya kiwanja kwa wavu, wageni huku wenyeji kule. Pesa ya maana haikutoka, wavu ulikuwa mabaki na miti niliokota. Siku mbili za kwanza Malkia alikuwa anatembea ubavuni mwa wavu huku na huku, manyoya ya shingo kayasimamisha, anaupiga wavu kwa mdomo. Hapo ndio nikapata ujanja ninaojivunia mpaka leo: nikasogeza vyombo vya chakula vyote viwili mpaka wavuni, kimoja upande huu kingine upande ule, ikawa lazima wale wakitazamana. Siku ya kwanza Malkia akidonoa chakula mara moja anadonoa wavu mara mbili. Siku ya tano anakula tu. Siku ya tisa nikamkuta mmoja wa tembe kalala kwenye jua kaegemea wavu na upande wa pili kaegemea mwenyeji, migongo inagusana wavu uko katikati. Nikajua tayari.

Suala la chakula lilinisumbua kidogo maana tembe ambaye hajaanza kutaga hafai kula chakula cha watagaji muda mrefu, madini ya chokaa yanamzidi, figo zinaumia. Nikawapa wote chakula cha kukuzia, na pembeni chombo cha maganda ya chaza yaliyopondwa, anayetaga anajichukulia mwenyewe anavyohitaji, tembe hata hawakuyajali.

Nikaanza kuwachanganya jioni, saa moja kabla ya kulala, nimekaa hapo hapo na kigoda changu. Vyombo vya chakula nikaweka vitatu na vya maji viwili, mbalimbali, kwa sababu mbabe mmoja hawezi kulinda sehemu tatu. Nikaegemeza mbao ukutani mgeni apate pa kujificha, ila hakikisha pana kuingilia na kutokea, yule wangu wa kwanza aliumia kwa sababu alijibana mahali pasipo na njia. Kabichi nzima nikaining'iniza kwa kamba usawa wa vichwa vyao, wakawa wanairukia kama mpira wamesahau ugomvi. Ndani ya banda nikahamisha fito na boksi za kutagia ili hata wenyeji wakute nyumba mpya, nikaongeza fito moja kila kuku apate kama sentimita 25.

Baada ya jioni sita ndio nikawaweka usiku kwenye fito. Kumbe hiyo ya usiku ni ya mwisho na wenzetu wanaanza nayo! Halafu saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa nje tayari, bado giza, mlango nimefungua, nafaka nimeshaimwaga kwenye majani makavu. Wakatoka mmoja mmoja wakaanza kuchakura, kila mtu na shughuli yake.

Sasa nilidhani shida itakuwa Malkia. Wala. Malkia alimpiga kila mgeni mdomo mmoja wa kichwa, akamaliza. Shida ikawa Kijivu, yule wa mwisho kabisa, ambaye miaka miwili yote alikuwa anadonolewa na wote. Kapata walio chini yake, basi hana usingizi, anamfukuza yule tembe mwenye madoa kutoka kwenye maji, kutoka kwenye chakula, anamfuata hadi nyuma ya mbao. Nikavumilia siku tatu nikisema watazoeana, siku ya nne nikaona Madoa kasimama juu ya boksi tangu asubuhi hashuki, mfuko wake wa chakula shingoni nikaupapasa uko mtupu. Hapo hakuna kusubiri, kuku asiyekula unamwangalia akiisha.

Kila mtu niliyemuuliza alisema mtoe anayeonewa. Hapana! Ukimtoa anayeonewa unamfanya mgeni mara ya pili, akirudi anaanza upya na amedhoofika. Anayetoka kwa kuonewa ni mwenye kidonda cha damu peke yake. Mimi nilimtoa Kijivu. Nikamweka peke yake kwenye kizimba, maji na chakula vipo, mahali asipowaona wenzake, siku nne. Siku ya kwanza alipiga kelele mpaka nikamwonea huruma, ila nikaangalia Madoa anakula nikakaza roho. Siku nne hizo wale wengine wakapangana upya bila yeye. Nilipomrudisha, Madoa ndiye aliyemsimamia mbele kifua juu, wakatazamana, wakarukiana mara mbili, Kijivu akainamisha kichwa akaenda kwenye chombo kingine cha chakula. Ikaisha hapo, haikurudi tena.

Mayai yalipungua, nisiwadanganye, kutoka manne kwa siku hadi moja, kuna siku sifuri, karibu wiki mbili. Nilipoambiwa niwaongezee vitamini, dawa hii na ile, nikakataa, kuku aliyefadhaika anaacha kutaga na akitulia anarudi, na walirudi wenyewe.

Wageni bado wanalala fito ya chini, hilo nawaachia wenyewe. Juzi nimekuta yai la kwanza la Madoa, dogo, limechafuka kidogo, kwenye boksi lile lile analolipenda Malkia. Madoa alikuwa bado kalikalia na Malkia kasimama nje ya boksi anabadilisha mguu mmoja na mwingine, anasubiri zamu.