Jeti Kubwa Kwanza

Pikipiki ile, silinda moja, sisi 200, ililetwa ikiwa imeshafungwa egzosi ya wazi na ea klina ya koni. Kabureta, inayochanganya mafuta na hewa, haikuwa imeguswa. Mafuta yakifunguliwa yote ilikosa nguvu. Yakiachiwa, egzosi ilipiga risasi. Plagi ilitoka nyeupe kama chokaa: hewa nyingi, mafuta kidogo.

“Fundi, si ufungue tu ile skrubu ya kabureta?” mwenyewe akauliza.

Skrubu ile ilikuwa upande wa ea klina, kwa hiyo ilipima hewa. Kuifungua kungezidisha hewa ambayo tayari ilikuwa nyingi. Ingekuwa upande wa injini ingepima mafuta, na hesabu ingegeuka. Hata hivyo kazi yake huishia kwenye robo ya kwanza ya mkono wa mafuta. Tatizo lilikuwa mkono ukiwa wazi kabisa, na huko jeti kubwa, tundu la kabureta linalopitisha mafuta, ndiyo yenye amri.

Nilipulizia kwanza dawa ya kabureta kwenye mpira wa manifoldi unaounganisha kabureta na injini, injini ikinguruma lakini bado baridi. Mngurumo haukubadilika, basi hapakuwa na hewa ya wizi inayopenya pale. Barabarani, kuvuta choki kidogo mafuta yakiwa wazi kuliongeza nguvu: hakika, mafuta hayakutosha.

Jeti kubwa ya namba 110 ilitoka, ikaingia 122. Ikaguguma, plagi ikapakwa masizi. Kwa 118 ilivuta safi. Plagi niliifunga mpya, nikaendesha mafuta wazi kwa gia ya nne, kisha nikakata klachi na kuzima papo hapo. Ukirudi taratibu kwa silensa, yaani mngurumo wa mkono ukiachiwa, utakuwa unasoma rangi ya silensa, si ya jeti kubwa. Kauri ya plagi ilikuwa kahawia hafifu, rangi ninayoitaka.

Katikati ya mkono bado ilisitasita. Klipu ya sindano, inayopima mafuta ya katikati hapo, ikashuka kutoka mfereji wa tatu hadi wa nne. Klipu ikishuka sindano hupanda, mafuta huongezeka.

Silensa ndiyo iliyonisumbua. Ilitulia pale tu skrubu ilipokazwa karibu mwisho, dalili kwamba jeti ndogo ya 35, inayolisha silensa, haikutosha. Nikafunga 38, na skrubu ikatulia mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipokazwa.

Risasi zilipungua, hazikuisha. Gasketi ya egzosi kichwani ilikuwa ya zamani, imekandamizwa, ikivuta hewa kila mafuta yakiachiwa. Nikaweka mpya, nikawasha hadi ikapata moto, nikaacha ipoe na kukaza nati tena.