Siku moja kwenye kitalu cha makangaga, Tukuyu

Saa 12 asubuhi. Julai hapa ni baridi na ukungu. Napita chini ya miparachichi nikikata majani makavu ya makangaga na kung'oa magugu. Wapita njia huniuliza kwa nini nauza majani ya porini. Nauza mimea inayostawi kwenye kivuli, pale ambapo waridi halichanui.

Saa 2. Nachanganya mboji ya majani na changarawe nyepesi za volkano, maji yasituame. Najaza viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche.

Saa 4 akaja mama mmoja na gari lake kutoka Mbeya mjini. Akachagua kangaga zuri kuliko yote, akageuza jani, akaona vidoa vya kahawia.

"Kijana, unaniuzia wadudu?"

"Hapana, mama. Hizo ni kama mbegu zake."

Hakuamini. Akakwangua kwa kucha, akataka nipulizie dawa. Nikamwonyesha vidoa vilivyojipanga safu mbili sawasawa kwenye kila kipande cha jani; wadudu hawajipangi hivyo. Kangaga halitoi ua. Vidoa hivyo vina vumbi la spora, chembe ndogo sana zinazofanya kazi ya mbegu. Likiangukia penye unyevu, huota kwanza ubapa mdogo wa kijani, na ni juu ya ubapa huo, maji yakiwepo, ndipo mche wenyewe hutungwa. Kutoka vumbi hadi kiriba cha kuuza hupita mwaka na zaidi. Nilieleza yote hayo nimesimama, na wateja wengine wawili wakachoka kusubiri, wakaondoka.

Kisha akasema atayapanda getini, kwenye jua la mchana kutwa. Nikakataa kumuuzia ya getini. Nikamwambia ayaweke nyuma ya nyumba, chini ya mti, na kitovu cha mmea, pale majani yanapochipukia, kisifukiwe, kitaoza. Akachukua matatu yasiyo na vidoa, tena kwa kupunguziwa.

Mchana bomba likakatika. Nikabeba ndoo kutoka kijitoni, kilima kile, ndoo baada ya ndoo, maana trei za spora zikikauka hata siku moja kazi ya miezi imekwisha. Sikumbuki nilikula saa ngapi. Mabega yanawaka.

Giza likiingia nikakata majani mawili ya lile kangaga alilolikataa yule mama, nikayafunga kwenye gazeti. Vumbi likishadondoka, nitamwagia udongo maji yanayochemka kuua kuvu, upoe, nipande, nifunike kwa kioo.