Siku moja maishani mwangu: mtengeneza matenki wa Gerezani, Dar es Salaam

Saa 11 na nusu alfajiri niko Mbagala Rangi Tatu nagombania daladala. Saa 1 na robo nishafungua banda Gerezani. Nyumbani wanajua mimi "nachomelea". Kuchomelea ni sehemu ndogo tu. Kazi yangu ni matenki ya mafuta ya mahali ambapo tenki la dukani haliingii: chini ya siti, ubavuni mwa jeneta, tumboni mwa mashua. Mtu akinunua mashine huwaza nguvu zake, kisha bei, kisha pa kuifunga. Tenki hulikumbuka nafasi ikishakwisha, na hapo ndipo nami napigiwa simu.

Saa 2 chai na chapati. Kijana wangu anakata pleti za tenki la jeneta, pembe nne za kawaida, halina maneno.

Saa 3 simu ikaita. Mzee mwenye mashua pale Feri.

"Fundi, tenki langu la lita 60 limefikia wapi?"

"Shikamoo mzee. Bado sijakata, maana vipimo ulivyoniletea ni vya kamba."

Sitanii. Alinipa kamba ya nailoni yenye mafundo matatu, urefu, upana na kimo, akaondoka. Nikachukua futi na bodaboda, nikamfuata mwenyewe.

Mashine yake ni dizeli ya silinda moja, nguvu ya farasi 12, imefungwa chini ya sitaha. Ubavuni limebaki pengo la sentimita 70 kwa 30 kwa 20. Hizo ni lita 42. Ondoa kona ya chini ambako ubao wa mashua unajipinda, unabaki na 38 kasoro. Ondoa na nafasi ya mafuta kutanuka jua likipiga, tunaishia 36.

"Kijana, nimesema 60."

Nikamkalisha, nikamwandikia kwenye kipande cha boksi: farasi 12 wakikimbia kwa nguvu zote hula kama lita 2 na nusu kwa saa. Lita 36 ni usiku mzima baharini na chenji inabaki. Akataka tenki lipande mpaka juu ya bomba la moshi. Nikakataa. Akasema basi niziondoe kuta za ndani, zinakula nafasi. Nikakataa tena, safari hii kwa upole kidogo. Ukuta mmoja wa milimita 2 unakula nusu glasi ya mafuta, basi. Ukiuondoa, mashua ikilala kwenye wimbi dizeli yote inakimbilia upande mmoja, bomba linanyonya hewa, mashine inazima, na wewe uko gizani unafungua nati za nozeli kutoa hewa. Mzee akanyamaza. Halafu akauliza kwa nini nisitumie bati la zinki, ni rahisi.

Zinki na dizeli hazipatani. Baada ya muda hutoa tope kama sabuni, nalo linaziba filta. Mteja haji kulaumu bati, anakuja kunilaumu mimi.

Kilichonila muda hasa ni mlango wa sitaha. Tenki linaweza kukaa vizuri kwenye pengo lake na bado lisipite mlangoni. Nikaomba maboksi ya biskuti dukani, nikakata tenki la karatasi lenye ukubwa uleule, nikakazia vijiti pembeni kwa sababu boksi hujikunja na pleti haijikunji. Tukaliingiza kwa kichwa, tukaligeuza, likakwama. Shingo ya kujazia mafuta ndiyo iliyogonga mbao. Mzee akaona bora tukate sitaha! Nikang'oa kijiti cha shingo, likapita. Shingo itafungwa kwa bolti tenki likishakaa. Jua lilikuwa utosini, shati limeganda mgongoni.

Narudi Gerezani, umeme hakuna. Nikala wali maharage, nikachora pleti kwa chaki. Bomba la kunyonyea linaishia sentimita 2 na nusu juu ya sakafu ili maji na uchafu vibaki chini, na chini kabisa koki ya kuvitolea. Bomba la kurudishia dizeli isiyotumika linakaa upande wa pili wa ukuta, kwa kuwa dizeli inayorudi ina joto na viputo. Kisha tundu la kupumulia. Likisahaulika, mashine inajizimia yenyewe, na fundi mwingine atabadilisha pampu bure.

Umeme umerudi jua linaelekea kuzama. Stenlesi nyembamba haitaki haraka, ukiichoma moja kwa moja inajikunja. Unashikiza kwa vidoti, unaruka upande wa pili, unasubiri ipoe. Kiuno kilishaanza kulalamika. Tukaziba matundu, tukasukuma hewa kidogo kwa pampu ya baiskeli, tukapaka povu la sabuni kila mshono. Kiputo kimoja kikavimba shingoni mwa bomba la kurudishia. Futa, saga, choma upya, paka tena. Kikavimba tena. Majirani walishafunga mabanda. Mara ya tatu povu likatulia.

Niko kwenye daladala nimesimama, simu ikaita.

"Fundi, nimehamisha betri. Pengo limeongezeka kama shubiri moja. Sasa si 60 zinaingia?"

Nikamwambia betri airudishe pale ilipokuwa, na kesho asubuhi aje na salio la hela.