Jina la Mwanetu Tulilipata Ahero

Mwanangu alizaliwa Nakuru saa tisa usiku, mwezi wa nne, mvua ikipiga mabati ya wodi hadi muuguzi akalazimika kupaza sauti. "Mama, mtoto anaitwa nani?" Nilimtazama mume wangu, naye akanitazama. Nafasi ya jina ikabaki wazi, tukaenda nyumbani na ile karatasi. Sheria inatoa miezi 6 ya kuandikisha mtoto, kwa hivyo serikali haikutukimbiza. Waliotukimbiza ni wazazi.

Mimi ni Mkikuyu wa Bahati, karibu na Nakuru. Kwetu jina la kifungua mimba wa kiume halijadiliwi: ni la babu mzaa baba. Wa pili ndiye wa baba yangu. Basi nilijifungua nikijua nimezaa Odhiambo, jina la baba mkwe, na nikaamini nawapelekea wakwe zangu zawadi. Mume wangu ni Mjaluo wa Ahero, upande wa Kisumu. Aliposikia alinyamaza, kisha akasema polepole, "Lakini mzee bado yuko hai." Kwao jina la mzee hufuatwa akishaondoka, kumpa mtoto jina la aliye hai ni kama kumharakishia kaburi. Tena Odhiambo ni wa jioni, na huyu alikuja usiku na mvua. "Huyo ni Okoth," yaani wa mvua, mama mkwe alisema kwenye simu, na kwake yakaisha hapo.

Kwa mama yangu hayakuisha. Tulimweleza mara ya kwanza akasikiliza. Mara ya pili akalia. Kwake, babu aliyenyimwa jina ni babu aliyekataliwa, na watu wangemuuliza wakwe wamekosa nini. Jambo hilo liliniuma sana, kwa sababu alikuwa anapigania heshima ya watu wasio wa ukoo wake. Simu zikawa Bahati, Ahero, Bahati, na mtoto akilia usiku kucha. Mama mkwe akasema kilio hicho ni cha marehemu fulani wa ukoo anayetaka mtoto apewe jina lake.

Simu hazikutusaidia hata kidogo. Mtoto alipofikisha wiki sita tulipanda matatu, tukapitia Kericho hadi Ahero, na nikamwomba mama aje nasi. Alikuja na kiondo cha viazi, na njia nzima hakusema mengi.

Tuliketi chini ya mwembe. Mama mkwe alimlaza mtoto mapajani, akaanza kuwataja waliotangulia mmoja mmoja kwa Kijaluo, akingoja kidogo baada ya kila jina. Kijaluo sikielewi vizuri, ila niliona kidole chake kikipapasa unyayo wa mtoto kila alipotaja mtu. Alipofika Ogola, baba mkwe akainua kichwa.

Wazee wenzake pale kijijini humwita Ogola. Siku zote nilidhani ni jina la utani.

"Hilo si langu," alisema kwa Kiswahili, ili mama yangu asikie. "Ni la ndugu ya baba. Alikufa kabla sijazaliwa, nikapewa mimi nilibebe. Mtoto naye anaweza kulibeba."

Mama aliuliza swali moja tu. "Na wewe Mzee, watu wanakuita hilo?"

"Tangu utotoni."

Mama akanyoosha mikono, akapewa mtoto, akajitemea mate kidogo kifuani kama wazee wetu wanavyobariki. Ahero wanajua mtoto amepewa jina la marehemu. Bahati wanajua amepewa la babu yake aliye hai. Hakuna aliyedanganywa.

La kanisani, Emmanuel, tulikubaliana ndani ya matatu tukirudi, hata Kericho hatujafika. Cheti kimeandikwa Emmanuel Ogola Odhiambo. Mama mkwe bado anamwita Okoth, na sijawahi kumsahihisha; mvua ile niliisikia mwenyewe. Mama yangu hutamka "Ogora", kwa sababu Kikuyu hakina sauti ya l, na akimpakata humwita "muthoni", yaani mkwe. Juzi mtoto alikuwa anavuta miwani yake usoni. Ndugu zangu wangepigwa kofi la mkono. Yeye aliachiwa miwani, akaombwa kwa upole airudishe, kwa sababu mkwe hakaripiwi.

Baba yangu anangoja wa pili.