Bendera Iliyohamia Kiganjani

Julai huku Moshi huja na ubaridi na mawingu mazito, na asubuhi ile Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa imejificha kabisa, hivyo ilinibidi nifungue madirisha yote ya darasa la nne ndipo nibandike ubaoni mchoro niliokesha nikiupaka rangi. Ilikuwa bendera ya Taifa, lakini kila rangi niliigeuza: penye kijani nilipaka waridi iliyokolea, penye bluu nikapaka chungwa, mstari mweusi wa mshazari ukawa mweupe, na kingo zake za njano zikawa bluu. Katikati niliweka nukta nyeusi.

Darasa lilinyamaza. Mvulana wa dawati la mbele alisimama na kusema, kwa adabu lakini kwa uchungu, "Mwalimu, umeiharibu bendera." Sikumkemea, kwani mtoto anayesimama mbele ya bendera hiyo kila asubuhi mstarini ana haki ya kuitetea.

Wazo lile nililipata kwa Jasper Johns, mchoraji wa Marekani, ambaye mwaka 1965 aliichora bendera ya nchi yake kwa kijani, nyeusi na chungwa, akaweka nyingine ya kijivu chini yake, ili anayeikazia macho bendera ya juu kisha akayashusha azione nyekundu, nyeupe na bluu. Niliamini kwamba wanafunzi wangu wangelielewa jambo hilo vizuri zaidi kwa bendera yao wenyewe.

Niliwaomba waikodolee nukta bila kuyumbisha macho, nikahesabu polepole hadi 30, kisha nikawaambia watazame ukuta mweupe. Zilipigwa kelele ambazo sijazisahau, na yule mvulana ndiye aliyepaza sauti kuliko wote: "Ni yetu!"

Niliwaeleza kwamba ndani ya jicho mna aina 3 za seli zinazopokea rangi, na kwamba zikitazamishwa rangi moja kwa muda mrefu hupungua nguvu, hata macho yakihamia kwenye weupe zile ambazo hazijachoka huzizidi nyingine, na rangi ya upande wa pili hujitokeza.

Msichana mmoja alikuwa karibu kulia kwa sababu hakuona chochote. Niligundua kwamba macho yake yalikuwa yakiiacha nukta na kuwatazama wenzake, basi nikamketisha peke yake karibu na ubao na kuhesabu upya, safari hii hadi 40. Akaiona. Alinyanyuka kwenda kuigusa, lakini kila alipoukaribia ukuta bendera ilizidi kuwa ndogo, maana alama iliyobaki jichoni haibadiliki, ila huonekana kubwa ukutani kwa mbali na ndogo kwa karibu. Ilipoanza kufifia nilimwambia apepese macho, ikarudi. Hapo aliinua mkono, akautazama kwa muda, kisha akanigeukia.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "imehamia kiganjani."